Gari tumeuza, miguu imebaki yangu

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Wa pili ana mitatu na nusu, anakwenda dei kea. Wa mwisho ana miezi minane. Tunaishi Kimara, Dar es Salaam, ndani kidogo, kutoka kwetu hadi barabara kubwa ni dakika kumi na tano za kupanda mlima. Mwaka jana tuliuza gari letu, IST, baada ya gia boksi kufa mara ya pili. Hela yote ikaenda kwenye ada na deni la kikoba. Tulikubaliana wote wawili, na miezi ya mwanzo nililala usingizi mzuri kwa sababu hatudaiwi.*

*Sasa nimechoka. Mume wangu anafanya kazi katikati ya jiji, Posta, anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri awahi siti ya basi la mwendokasi. Mimi nabaki na watoto: nampeleka mkubwa shule, wa kati dei kea, mdogo mgongoni, ndipo nikafungue kibanda changu cha kushona. Zamani baba alikuwa anatushusha wote njiani. Siku za haraka tunapanda bodaboda, mmoja mbele kwenye tenki, mwingine katikati, mdogo mgongoni. Mwezi uliopita mdogo alishikwa na homa saa nane usiku, tukahangaika karibu saa nzima kupata bajaji. Mawifi zangu wanasema kaka yao amefulia. Mwenyewe ameanza kusema achukue mkopo kazini anunue gari lingine. Nimkubalie? Au ni mimi tu mvivu, maana mama yangu alitulea sita kule Morogoro bila hata baiskeli?*

*Mama Watatu, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona barua ya gari. Mara ya pili nikashika kalamu, nikaanza kuhesabu safari pembeni ya karatasi, na gari likapotea kabisa machoni.

Mumeo ana safari mbili kwa siku, kwenda na kurudi. Wewe unatoka nyumbani hadi shule, shule hadi dei kea, dei kea hadi kibandani. Mchana, kibandani hadi shule, kisha kurudi kibandani na mtoto mkononi. Jioni, dei kea tena, halafu nyumbani. Nimepata saba, na sijagusa soko wala kliniki ya mdogo. Katika zote saba hakuna hata moja unayotembea peke yako.

Kuna sentensi moja umeipitia haraka kama mtu anayeruka dimbwi: "Zamani baba alikuwa anatushusha wote njiani." Ugonjwa uko hapo. Gari lilipokuwepo, kuwafikisha watoto ilikuwa kazi ya dereva, na dereva alikuwa yeye. Gari likauzwa, kazi ile haikuuzwa nalo. Ilianguka chini, wewe ukaiokota kwa kuwa ndiye uliyekuwa umeinama ukimfunga mtoto kamba za viatu. Hakuna aliyeitisha kikao akapanga hivyo. Sidhani hata yeye ameliona. Anachojua ni kwamba anaamka gizani na anabanwa kwenye basi, na hilo ni kweli; mwendokasi wa Kimara asubuhi nani asiyeujua.

Kwa hiyo kabla hamjafika kwenye habari ya mkopo, muulize swali moja kwa upole: hilo gari mchana litakuwa wapi? Litakuwa Posta, limeanikwa juani, linalipiwa maegesho. Mkubwa anapotoka shule, wewe uko kwa miguu. Dei kea inapofunga, wewe uko kwa miguu. Gari litakuondolea safari za asubuhi tu, na hata hizo kwa sharti kwamba akubali kutoka nyumbani wakati watoto wameshaamka na kunywa uji. Sasa kama anaweza kuchelewa kutoka akiwa na gari, anaweza kuchelewa akiwa hana.

Hesabu ya pesa sitaikalia sana, maana gia boksi imeshakufundisha. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Kimara na Posta, kwenda na kurudi, ni kilomita thelathini na ushee. Chukua lita tatu kwa siku kwa foleni ile, siku ishirini na mbili za kazi: karibu laki mbili kwa mwezi, na hapo gari halijaosha hata kioo. Ongeza bima, tairi, fundi, na marejesho ya mkopo yanayokatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yamezidi miaka minane, na serikali inayatoza ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, kwa hiyo hata hiyo bei ya kununulia ina kodi ya uzee ndani yake. Watu watamwambia kwamba siku hizi hakuna tena "road license" ya kila mwaka. Ni kweli, ilifutwa 2017, lakini ilihamishiwa kwenye mafuta, unailipa kidogo kidogo kila unaposema "weka ya elfu kumi".

Jibu langu basi: mkopo, mwaka huu, hapana. Siku mkiwa na hela yenu mkononi, na wewe umejifunza kuendesha, na mmekubaliana kwamba kuna siku gari linabaki Kimara na baba anapanda basi, hapo tuzungumze upya. Kama mmoja wa watoto angekuwa na maradhi ya kumpeleka hospitali kila wiki ningekwambia vingine leo hii. Hukuandika hivyo, nami nashukuru.

Sasa uvivu. Acha kabisa hilo neno. Mimi nililea Temeke miaka ya themanini, enzi za UDA, shirika la mabasi ya jiji, na yale mabasi marefu ya Ikarus tuliyoyaita kumbakumba. Daladala zenyewe ziliruhusiwa rasmi 1983. Magari binafsi yalikuwa ya kuhesabu, na kuna miaka yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kubana mafuta, hivyo Jumapili jioni bosi na tarishi wote tulikuwa vumbi hadi magotini. Nikisimulia hivi wajukuu wanadhani najisifu. Sijisifu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko yako. Shule ilikuwa mtaa wa pili. Wanangu walikwenda wenyewe tangu darasa la kwanza, wameshikana mikono, na kila nyumba waliyopita ilikuwa na mtu anayejua jina langu na yuko tayari kuwachapa kwa niaba yangu. Mama yako naye alikuwa na sita, maana yake wakubwa walibeba wadogo. Wewe mkubwa wako ana miaka sita, hawezi kumbeba mtu. Na kuanzia Kimara kwenda Kibaha barabara ya Morogoro sasa ni njia nane. Mama yako hakuvuka njia nane na mtoto mgongoni. Unafanya kazi ngumu kuliko yake, ila hakuna anayekuona ukiifanya, kwa sababu wenzako wako ndani ya basi wameangalia simu.

Kuna jambo moja tu nitakalokugombeza. Bodaboda. Nimesoma "mmoja mbele kwenye tenki" nikaweka karatasi chini, nikaenda kunywa maji. Kanuni zinakataza bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa, na wewe una watatu ambao hata ukijumlisha umri wa wawili wakubwa hutoki mbali. Sikwambii kwa ajili ya trafiki. Nakwambia kwa sababu yule wa mbele, pikipiki ikifunga breki, hana cha kumzuia ila mikono ya dereva ambayo wakati huo ina kazi nyingine. Kofia ya abiria inamzunguka kichwani kama ndoo. Wa mgongoni hana kofia kabisa, na wewe ukianguka chali unamwangukia. Kupakizana hivyo kwenye pikipiki tunakuita mishikaki tukacheka, neno lenyewe linatuambia tumefanywa nini. Siku ya haraka, chelewa. Mwalimu atasema, mteja atanuna, basi.

Ukishaitoa bodaboda utaniuliza, sasa tutafikaje? Tuzigawe upya zile safari saba.

Ya kwanza ni ya baba. Mkubwa aende shule na baba yake. Najua, siti. Lakini Kimara Mwisho ndiko basi linakoanzia, na mtu wa kituo cha mwanzo ana bahati ambayo wa Manzese hana: likijaa la kwanza, anasubiri la pili akiwa mbele ya mstari. Akimwacha mtoto shuleni geti likifunguliwa, atafika Posta amechelewa kidogo kuliko alivyozoea. Azungumze na mkubwa wake wa kazi, aombe kuingia nusu saa baadaye na kutoka nusu saa baadaye. Wanaume wengi hawajawahi kuomba hivyo, si kwa sababu walikataliwa. Hawakuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kuombwa. Akisimama njia nzima hadi Posta siku mbili tatu kwa wiki, hatakufa. Wewe unasimama kila siku.

Ya pili, punguza umbali kabla ya kupunguza uchovu. Dei kea ya wa kati iko njia ipi? Kama si kati ya nyumba na kibanda chako, mhamishe. Nimeona wazazi wanavuka vituo vinne kwa sababu dei kea ina jina zuri na bembea ya rangi. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anahitaji mtu mwenye subira, choo kisafi, geti linalofungwa na uji usioungua. Hivyo vinaweza kuwa kwa mama jirani wa nyumba ya tatu. Nenda ukae hapo saa nzima bila kuaga kwamba unakuja, utajua.

Shule ya mkubwa ni neno zito zaidi, nalisema taratibu kwa kuwa umetaja ada. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Sikwambii umhamishe, sijui shule yenu wala ya mtaani kwenu. Nakwambia tu mwakani, mnapokaa kupanga, umbali nao muuweke mezani pamoja na Kiingereza. Mtoto anayeamshwa gizani ili akakae kwenye foleni anafika darasani ameshatumia nusu ya akili yake ya siku. Hilo linahusu gari la shule pia. Kabla hujalilipia, lisubiri kituoni asubuhi moja ulitazame: wamekaa wangapi kwenye siti moja, yuko mhudumu mtu mzima mbali na dereva, na wa kwanza kuchukuliwa anazunguka mtaa kwa muda gani. Kama mwanao ndiye wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa, baki na baba yake.

Ya tatu ni bajaji ya mkataba. Tafuta mama wengine wawili wa bondeni kwenu wenye watoto shule hiyo hiyo au ya jirani. Wapo, nao wanapanda mlima huo huo wakidhani wako peke yao. Mtafute dereva mmoja, mtu mzima, wa kijiwe mnachokifahamu, mumlipe kwa wiki awachukue watoto mchana pamoja na mzazi mmoja, kwa zamu. Zamu yako inakuwa siku moja au mbili, siku nyingine unabaki na cherehani yako. Kwa ile laki mbili ambayo gari lingekula kwenye mafuta, mtalipa bajaji na chenji itabaki. Ila watoto wakae nyuma, wasimkalie dereva pembeni mbele, hata akisema ni wembamba.

Siku za daladala kuna vitu ambavyo wanawake wa rika langu tunavijua kwa miili yetu. Mdogo mbebe mgongoni kwenye mlima, lakini kituoni mgeuze mbele kabla hujapanda. Mgongoni watambana na mabegi nawe huoni. Wa kati mshike kifundo cha mkono, usimshike vidole, vidole vinateleza. Wakati wa kupanda yeye atangulie, wakati wa kushuka wewe utangulie. Konda akipiga kelele, mwache apige, ndiyo kazi yake. Kile kigari cha kusukuma mtoto, kama mnacho, muuzieni mtu wa Masaki mwenye lami hadi mlangoni.

Usiku ule wa homa najua ndio unaokusukuma kumkubalia mkopo, kuliko mlima na kuliko mawifi. Saa nzima na mtoto anayechemka mikononi ni mwaka. Lakini angalia: gari la miaka kumi na tano nalo huwa na usiku wake wa kukataa kuwaka. Mlichokosa siku ile ilikuwa namba. Chukua namba za madereva wawili wanaolala mtaani kwenu, si wanaofanya kazi tu hapo, uwaambie wazi kwamba ni za usiku na kwamba utawalipa bei ya usiku bila ubishi. Weka kwenye simu pesa ya safari hiyo peke yake, msiiguse hata gesi ikiisha. Halafu mchana mmoja, mtoto akiwa mzima, tembea hadi kituo cha afya kinachofungua saa ishirini na nne, ujue geti la usiku ni lipi na mapokezi yako wapi. Kwa huyu wa miezi minane, homa akiwa anakataa ziwa, au analegea, au amepata degedege, hakuna kungoja kuche. Hapo hata jirani mwenye gari unamgongea, na usione haya. Jirani anayegongewa kwa mtoto hakasiriki, na kama akikasirika umepata kumjua.

Masika itawatesa, sikudanganyi. Bonde la Jangwani likijaa maji mwendokasi nao unasimama, na baba atarudi saa ambazo hata wewe utashangaa. Siku hizo mipango yote niliyokupa inavurugika. Uwe na mtu mmoja wa karibu na dei kea, mmesemezana mapema, anayeweza kumchukua wa kati akakaa naye hadi mvua itulie. Dei kea wamjue kwa sura. Na kibanda kifungue ukifika, waandikie wateja kwenye simu: "Mvua ikinyesha nafungua saa nne."

Na hapo shuleni pa mkubwa, nani anawavusha watoto barabara? Hapa hapa Dar shirika la Amend limekuwa likitengeneza njia za kwenda shule za msingi: matuta, zebra, vijia vya miguu, mahali pengine kuhamisha geti la shule lisitazame barabara kubwa. Si mambo makubwa ya mabilioni, na kazi hiyo ilipata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Mwambie mumeo apeleke hoja ya tuta kwenye kikao cha wazazi. Barabara ya mtaa ni ya TARURA, kubwa ni ya TANROADS, zote wakala za serikali, barua inaandikwa na kamati ya shule. Nasema mumeo kwa makusudi. Akishamvusha mwanawe pale wiki mbili, barua ataiandika mwenyewe kwa hasira.

Nimemaliza njia, nabaki na watu. Mawifi wakisema kaka yao amefulia, usibishane wala usitoe hesabu. Waambie, "Gari limekwenda shule, limelipa ada," ukatabasamu ukaendelea kumenya vitunguu. Nina wasiwasi kwamba maneno yao hayakuumizi wewe kama yanavyomuumiza yeye. Mwanaume anayesema mkopo miezi michache baada ya kumaliza deni, mara nyingi kuna mtu amemcheka mahali. Pengine kwenye msiba, alipofika na bajaji wenzake wakashuka kwenye magari yao. Hilo hatakwambia. Kwa hiyo usianze mazungumzo kwa kusema hamna uwezo. Mwambie kwamba kuuza lile gari kulikuwa uamuzi wa akili, na kwamba uliufurahia, kwa sababu ndivyo ulivyoniandikia: ulilala usingizi. Kisha mpe karatasi.

Karatasi iwe na safu mbili, jina lake na lako, na kila safari ya wiki nzima, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Usiongeze chumvi, usiandike maelezo. Mpe Jumapili baada ya chakula, asiwe ameshuka kwenye basi muda huo, watoto wakiwa wamelala. Kaa kimya aisome. Akisema "mbona hukuniambia", jibu kwamba na wewe hukuwa umehesabu. Ni kweli pia, ulihesabiwa na mimi.

Likizo itakapofika, nenda Morogoro kwa mama. Najua utasema mabasi ya Mbezi yako karibu na kwenu, na kweli yako karibu. Lakini kwa watoto wadogo mimi ningeteremka mjini nikapanda treni ya SGR. Tangu Juni 2024 inakwenda Morogoro chini ya saa mbili, kuna choo, kuna nafasi ya kumnyonyesha mtoto bila kiwiko cha mtu. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili analipa nusu nauli. Walipoanza mtu mzima alikuwa 13,000 na mtoto 6,500. Mkubwa wako hatazungumzia gari la nyumbani mwezi mzima.

Ukifika, muulize mama yako alifanyaje siku za mvua na watoto sita. Muulize na nani alikuwa anamsaidia, maana hiyo ndiyo sehemu wanayoisahau wakisimulia.

Jumatatu mkubwa aondoke na baba yake. Halafu niandikie tena mwisho wa wiki, uniambie Ijumaa nani alimfuata wa kati dei kea.